SOMO LETU: KUFULI YA NAMBA



Katika mkutano mmoja karibu na Eldoret, mama mweka hazina aliniuliza: "Dada, zamani pesa zetu zilikaa kwa sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Siku hizi ziko benki na tunaziangalia kwa simu. Kufuli iko wapi?"

Kufuli iko, ila imetengenezwa kwa hesabu. Tuifuate pole pole, kwa maharagwe.

1. Chukueni maharagwe 24, myapange kwa mistari iliyo sawa. Yanakubali: mistari 2 ya 12, 3 ya 8, 4 ya 6. Sasa ondoeni moja, yabaki 23. Yanakataa! Hata mkijaribu namna gani, ni mstari mmoja tu. Namba kama 23, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa. Lakini msidanganywe na sura: 91 inafanana nazo, kumbe ni 7 mara 13.

2. Je, namba tasa zina mwisho? Hapana. Mgiriki Euclid alithibitisha hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 2024 Luke Durant wa Marekani alipata moja iliyozidi zote zilizojulikana wakati huo. Ziandike 2 mara 136,279,841, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Jibu lina tarakimu 41,024,320. Jaribuni ndogo yake: 2 mara 2 mara 2 ni 8, toa 1, mnapata 7, ambayo ni tasa. Si kila mara inafaulu. Mkizidisha 2 kumi na moja na kutoa 1, mnapata 2,047, nayo ni 23 mara 89.

3. Sasa kufuli yenyewe. Zidisheni 89 kwa 97. Mnapata 8,633, kazi ya dakika moja. Halafu mpeni jirani hiyo 8,633 peke yake, atafute zile mbili. Akijaribu namba tasa moja moja kuanzia 2, atafaulu kwa ya 24. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitumia ugumu huo kutengeneza kufuli. Ni kama ile ya sanduku: yeyote anaweza kuibana, lakini kuifungua ni mwenye ufunguo. Jibu la kuzidisha linatolewa wazi. Zile namba mbili zinafichwa, ndizo ufunguo. Kufuli nyingi za namna hii kwenye intaneti zina jibu la tarakimu 617, na hakuna kompyuta iliyojulikana kulivunja.

Basi mama, kufuli ni imara. Ndiyo maana mwizi haivunji. Anapiga simu, anajifanya mtu wa benki, anaomba namba ya siri, ile PIN. Ukimtajia, umemfungulia mwenyewe, na hesabu yote ya dunia haitawasaidia.

MASWALI YA KUJADILI
- Nani kati yetu anajua PIN ya kikundi? Je, imeandikwa mahali?
- Zamani funguo zilikuwa tatu. Leo pesa zikitolewa, ni watu wangapi wanakubali kwanza?
- Taarifa ya benki inasomwa mbele ya wote kila mkutano?

KAZI YA NYUMBANI: 221 ni namba gani mbili zilizozidishwa? Waulizeni watoto wenu pia.