Kumbukumbu za Marehemu si Wazimu

Matanga yakiisha, jamaa wengi huharakisha kuondoa vitu vya marehemu. Nguo hugawanywa, picha hufichwa, na aliyefiwa huambiwa ajikaze asahau. Msomaji, ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unaweza kumwongezea mfiwa uchungu.

Chukua mfano wa mkulima wa majani chai wa huku Kabianga, aliyefiwa na mkewe. Kikapu alichochumia mkewe bado kinaning'inia ukutani. Akimimina mursik kutoka kwenye kibuyu alichozoea kukisafisha mkewe, huhisi kana kwamba mama watoto yuko jikoni. Je, amerukwa na akili?

La hasha. Mwaka 1971, Dewi Rees, daktari wa kijijini huko Wales, alichapisha utafiti kuhusu wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walikuwa wamewahi kuhisi mwenzi wao aliyefariki yuko karibu, kumwona au kumsikia. Wengi wao walisema hali hiyo iliwafariji. Hata hivyo, wengi hawakuwa wamemweleza mtu yeyote, baadhi yao wakihofia kuchekwa.

Utajuaje basi kama kumbukumbu inakusaidia au inakudhuru? Jiulize: nikishakitazama kitu hiki, hata kama nimelia, ninaweza kuamka nikaenda shambani au kazini? Ukiweza, kihifadhi bila aibu. Wasimulie watoto habari zake. Nguo nyingine zigawe utakapokuwa tayari. Hakuna tarehe iliyowekwa.

Lakini kuna dalili za hatari. Ikiwa zaidi ya miezi sita imepita na bado uchungu ni mkali karibu kila siku, huwezi kufanya kazi, unajitenga na watu au huamini kwamba amekufa, mwone daktari. Shirika la Afya Duniani limeitambua hali hii kuwa ugonjwa katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, na matibabu yapo. Ukiwaza kujiua ili umfuate marehemu, usingoje. Mwambie mtu na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi jamaa, hakikisheni mfiwa anakula, na kama ana presha au kisukari, anameza dawa zake. Kisha, kabla ya kuondoa chochote chumbani mwake, mwulizeni kwanza.