Baada ya Arobaini, Nani Anamsaidia Mzazi?

Mama akijifungua kijijini kwetu, nyumba hujaa watu. Mama mkwe hukanda kwa maji ya moto. Shangazi hupika uji wa pilipili manga. Majirani huleta kuni. Hiyo ni mila nzuri. Lakini siku 40 zikiisha, kila mtu hushika njia yake. Mzazi anabaki na jembe, ndoo na mtoto.

Haya, tufanye hesabu kidogo. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6. Asipewe uji, asipewe hata maji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa zahanati. Miezi 6 ni siku kama 180. Toa 40. Zinabaki siku 140, na hapo ndipo wasaidizi wameshaondoka.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda. Mama anadamka kwenda shamba. Shamba liko mbali na jua ni kali, basi mtoto anaachwa na dada yake wa miaka 8. Mtoto analia. Dada afanyeje? Anamkorogea uji. Maji hayakuchemka vizuri, kikombe kimetuliwa na nzi. Jioni mtoto anaharisha. Tena maziwa huongezeka mtoto anaponyonya mara kwa mara. Asiponyonya mchana kutwa, yanapungua. Halafu tunasema, "Mama yule hana maziwa." Maziwa alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa kumsaidia kazi.

Akina baba, ndoo mbili za maji asubuhi hazivunji mgongo. Wapo watakaocheka. Wacheke. Siku za kliniki pia nendeni wote wawili: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya surua mtoto akifika miezi 9. Majirani nao wapeane zamu ya kumlimia mzazi, au ya kumshika mtoto kivulini karibu na shamba, ili anyonye kila anapotaka.

Kuna jambo jingine, nalo huwa tunalificha. Mzazi mwingine hulia bila sababu. Halali hata mtoto akilala, wala hataki kumshika. Watu husema eti ana mapepo, au anadeka. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Unaweza kumpata mama hata miezi mingi baada ya kujifungua. Msimwache peke yake. Mpelekeni zahanati mapema.

Jadilianeni kikundini:
1. Ni mama gani hapa kwetu ana mtoto wa miezi mitatu?
2. Leo nani amemchotea maji?