Mlinzi wa Pumzi: Wajibu wa Mtaalamu wa Usingizi na Ganzi

Wagonjwa wengi huiogopa nusukaputi kuliko kisu cha upasuaji. Jina lenyewe hudokeza kufa nusu, na swali la ndugu wanaosubiri nje ni lilelile: je, ataamka? Jibu hutegemea sana mtu ambaye mara nyingi mgonjwa hamjui hata kwa jina, yaani mtaalamu wa usingizi na ganzi.

Usingizi wa dawa si usingizi wa kawaida. Aliyelala kitandani kwake hukohoa akipaliwa na huzinduka akiumizwa. Aliyepewa dawa ya usingizi kamili hupoteza kinga hizo. Ulimi waweza kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa, shinikizo la damu likashuka, au chakula kikapanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Kwa hiyo mtaalamu hamwachi mgonjwa baada ya kumlaza. Hubaki kichwani pake hadi mwisho, akifuatilia pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha oksijeni.

Mkoa wa Pwani waonyesha sura mbili za kazi hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha, iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, na hupokea majeruhi wa ajali. Aliyepoteza damu nyingi akipewa kipimo cha dawa kinachomfaa mtu mwenye afya, moyo wake waweza kusimama. Mtaalamu hutangulia kufungua njia ya hewa na kurudisha damu au maji mwilini, kisha huchagua dawa na kuipunguza kadiri ya hali ya mgonjwa.

Katika hospitali ya wilaya kama ya Kisarawe, upasuaji wa uzazi ni hitaji kubwa. Ganzi ya uti wa mgongo humwezesha mama kubaki macho, akapumua mwenyewe na kusikia kilio cha kwanza cha mwanawe. Katika ngazi hii huduma hutolewa zaidi na wauguzi na matabibu waliosomea fani hiyo. Daktari bingwa wa hospitali kubwa, kama Muhimbili, ni mwalimu na mshauri wao. Apigiwe simu kabla ya rufaa, wala si baada ya gari kuondoka. Mgonjwa asianze safari ilhali njia yake ya hewa haijalindwa.

Shirikisho la Dunia la Vyama vya Wataalamu wa Usingizi hupendekeza angalau madaktari bingwa 5 kwa kila watu 100,000. Kwa idadi ya watu 61,741,120 iliyohesabiwa mwaka 2022, Tanzania ingehitaji zaidi ya 3,000. Lengo hilo bado liko mbali, hivyo kila aliyepo hubeba mzigo wa wengi.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kwa upasuaji uliopangwa, asile chakula kwa saa 6 wala asinywe maji kwa saa 2 kabla, isipokuwa ameelekezwa vingine. Aeleze mzio, pumu, dawa anazotumia, zikiwamo za kienyeji, na matatizo ya usingizi yaliyowahi kumpata yeye au nduguze. Anayeficha kikombe cha uji kwa kuhofia kuahirishiwa upasuaji huyaweka mapafu yake hatarini. Upasuaji wa dharura hausubiri, lakini ukweli huo humwezesha mtaalamu kubadili njia. Kuamka salama huanza na mazungumzo hayo, kabla ya sindano ya kwanza.