Maneno Yaliyo Kwenye Kiungo Hayathibitishi Kitu

Mkaazi wa Makadara anatumiwa kiungo kwenye WhatsApp. Mwishoni kimeandikwa leseni-ya-biashara-mombasa, naye anaamini kimetoka kaunti. Maneno hayo pekee si ushahidi, na sababu iko katika namna yanavyoundwa.

Tovuti nyingi, za serikali na za watu binafsi, huendeshwa kwa mifumo kama WordPress, iliyoanza mwaka 2003. Mwandishi huandika kichwa cha tangazo tu, kisha mfumo hukigeuza kuwa anwani ya ukurasa: herufi kubwa huwa ndogo, nafasi huwa vistari, alama za uandishi hutupwa. "Usafiri wa Ng'ambo ya Likoni" huwa usafiri-wa-ngambo-ya-likoni. Ritifaa imepotea na Kiswahili chetu kimeumia kidogo, lakini mwandishi hakukosea. Kichwa kikifanana na cha awali, mfumo huongeza -2 mwishoni. Hiyo nayo isikutie shaka.

Linalowatatiza watu zaidi ni tarehe. Tuseme tangazo limechapishwa kwa kichwa "Mkutano wa Wakaazi wa Makadara, 12 Machi". Mkutano unaahirishwa hadi tarehe 19 na kichwa kinarekebishwa. Katika WordPress, anwani haibadiliki yenyewe. Hubaki na 12-machi, na viungo vilivyokwisha kusambazwa huendelea kufunguka. Kwa hivyo usipange siku yako kwa kusoma kiungo. Fungua ukurasa, usome tarehe iliyo ndani.

Sasa turudi kwa ile leseni. Yeyote mwenye tovuti anaweza kuandika kichwa "Leseni ya Biashara Mombasa", na mfumo wake ukamtolea maneno yale yale. Asichoweza kujipa ni jina linalotangulia. Ukiacha mikwaju miwili iliyo baada ya https:, tafuta mkwaju (/) unaofuata, kisha tazama herufi zilizo mara tu kabla yake. Tovuti ya kaunti huishia hapo kwa mombasa.go.ke. Majina ya .go.ke hutengewa taasisi za serikali, na msajili mkuu wa majina ya .ke ni KeNIC. Ukiona go.ke katikati ya jina refu linaloishia .com, hiyo go.ke haina uzito wowote.

Usiandike humo nambari ya kitambulisho wala PIN ya M-Pesa, hata ukurasa ukiwa na nembo ya kaunti. Nembo hunakiliwa kwa dakika moja.