Ukurutu na Dawa za Kupaka

Katika mabweni yetu wamo wanafunzi ambao ngozi zao hukauka na kuwasha, hasa viwikoni na nyuma ya magoti. Mimi ni mmoja wao. Wako wanaoogopa kulala karibu nasi, wakidhani kuwa tuna upele. Kwa hiyo nimeona vema niwaelezeni habari za ugonjwa huu, maana asiyejua huweza kumwonea mwenziwe bure.

Ugonjwa huu ni ukurutu, na wengine huuita pumu ya ngozi. Upele huletwa na kidudu kichimbacho ngozini, nao huambukiza. Ukurutu hauambukizi hata kidogo. Ngozi ya mwenye ukurutu ni kama ukuta wenye nyufa: maji ya mwili hutoka, na vumbi na sabuni huingia. Hapo chembe nyeupe za damu, walio askari wa mwili, hukimbilia vitani, na ngozi huvimba na kuwasha. Vitabu vingi husema kuwa huwa nyekundu, lakini katika ngozi nyeusi mara nyingi huonekana ya kijivu au nyeusi zaidi. Huku Mbulu na Hanang, baridi na upepo mkavu wa Juni na Julai huzidisha taabu hiyo.

Sasa fanyeni jaribio. Kateni kiazi mviringo vipande viwili, kimoja mkipake maji ya limau. Baada ya muda kile kisichopakwa kitageuka rangi ya udongo, kwa sababu ya oksijeni ya hewani; kilichopakwa kitakawia, kwa ukali wa limau na vitamini C iliyomo. Kitu kizuiacho kazi hiyo ya oksijeni huitwa antioksidanti.

Ngozini nako askari wale hutoa oksijeni kali, ambayo huharibu hata mafuta ya ngozi yenyewe. Antioksidanti hulipokea pigo hilo mahali pa mafuta. Mojawapo ni vitamini E, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop. Imo kwa wingi katika mafuta ya alizeti, zao tulilimalo Hanang. Tena mafuta hayo yana asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujengea ukuta wake.

Je, dawa hizi huponya? La, ila zaweza kuleta nafuu. Mwaka 2004 waganga wa Ujerumani walitoa habari za wagonjwa 49 waliopakwa krimu ya vitamini B12 upande mmoja wa mwili, na krimu tupu upande wa pili. Upande wa B12 ulipata nafuu zaidi. Lakini wagonjwa 49 ni wachache, na dawa za namna hii hazijachukua mahali pa mafuta ya kulainisha ngozi na krimu za steroidi ziagizwazo na mganga.

Basi yashikeni haya:

1. Ogeni upesi kwa maji ya uvuguvugu, na msijisugue kwa sabuni ya kufulia.

2. Jipakeni mafuta ya mgando au ya alizeti ngozi ingali na unyevu. Mafuta yawe mapya, si yaliyokwisha kukaangia. Yakiwasha, yaacheni.

3. Msipake limau. Lililofaa kwa kiazi huunguza ngozi yenye nyufa, na juani huzidi.

4. Vaeni shati la pamba ndani ya sweta, na kateni kucha.

5. Msinunue krimu za kujichubua. Nyingine zina steroidi kali zidhoofishazo ngozi.

Ngozi ikitoa usaha, nendeni zahanati bila kukawia. Ugonjwa ukizidi, iko Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, na kule Moshi kipo chuo cha waganga wa ngozi tangu mwaka 1992.

Nanyi msio na ukurutu, msitukimbie. Dawa hiyo haiuzwi dukani, nasi twaihitaji kila siku.