Banda la Uwanja wa Tenisi: Anza na Upepo

Mdogo wangu wa Sumbawanga, picha ulizonitumia za mabanda ya makuti nimeziona. Mazuri kweli, lakini hayo ni ya pwani, kwenye joto. Wewe uko Ufipa, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai upepo wa kusini mashariki unapita kwenye nyanda zile bila mti wa kuuzuia. Mtu atoke uwanjani ametota jasho, aketi kwenye banda lililo wazi pande zote? Utamuuguza.

Kwa hiyo upande wa kusini jenga ukuta wa matofali ya kuchoma hadi kwenye paa. Mbele, kunakotazama uwanja, ukuta uishie kiunoni ili waliokaa waone mchezo.

Uwanja wenyewe naamini umelala kaskazini-kusini, jua lisiwapige wachezaji machoni asubuhi na jioni. Banda liwe magharibi, mkabala na neti. Wengi hucheza jioni baada ya kazi. Saa hizo jua litakuwa mgongoni mwa watazamaji. Ila usilisogeze karibu. Pembeni mwa mstari huachwa mita 3.66 za kukimbilia, na mchezaji anayefukuza mpira haangalii nguzo.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalifikirii. Huko juu hewa ni nyepesi, mpira unadunda na kuruka kuliko Dar es Salaam. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zina hata mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, nanyi mmepita hapo mbali. Itafuteni hiyo mipira, na uwazi wa mbele ya banda uuwekee wavu, maana hapo ndipo watakapokaa wazee na watoto.

Paa liwe la bati, lenye dari ya mbao kupunguza kelele za mvua, na mteremko uelekee magharibi. Maji ya Novemba hadi Aprili yakimwagikia uwanjani, hamtacheza. Mikaratusi usiipande karibu. Mizizi yake itainua sakafu.

Fedha zikibana, punguza vigae, punguza taa za urembo, hata viti nunua vya kawaida. Ukuta wa kusini usikubali mtu aukate.