Mifupa ya Samaki na Kauri ya Tiba: Mambo ya Kujua

Sangara wa Ziwa Victoria akishatolewa minofu kiwandani, hubaki mapanki: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mapanki hayo hukaangwa na kuliwa, lakini mifupa huishia jalalani. Mifupa hiyo ina madini ya aina ileile inayoupa mfupa wa binadamu ugumu wake.

Ni madini gani?
Huitwa haidroksiapatiti, nayo yameundwa hasa na kalsiamu na fosfeti. Mwili huyapokea vizuri, na mfupa mpya huweza kukua na kushikamana nayo.

Kauri ya madini hayo hutengenezwaje?
1. Mifupa huchemshwa, husuguliwa hadi nyama na mafuta ya nje yatoke, kisha hukaushwa.
2. Huchomwa kwenye tanuri la maabara, kwa kawaida kati ya nyuzi 600 na 1,000 za Selsiasi. Kwanza huwa myeusi; protini na mafuta yaliyomo ndani ya mfupa yakiisha kuungua, huwa myeupe.
3. Husagwa na kuchekechwa kuwa unga laini.
4. Unga hupimwa kwa eksirei ili kuthibitisha aina ya madini, na hukaguliwa kama una risasi, zebaki, kadimiamu au aseniki.
5. Unga uliofaulu hushindiliwa katika umbo linalotakiwa na kuchomwa tena hadi ugande.

Inatumika wapi?
Haidroksiapatiti hutumika kujaza mapengo ya mfupa na taya, na kupaka vipandikizi vya metali ili vishikamane na mfupa. Hata hivyo, kauri hii huvunjika kirahisi. Haiwezi peke yake kubeba uzito wa mwili, kama ufanyavyo mfupa wa paja.

Kwa nini samaki?
Mifupa yake hupatikana kwa wingi, na haina hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Wagonjwa ambao imani yao inakataza ng'ombe au nguruwe nao huikubali kwa urahisi zaidi.

Tahadhari
Usichome mifupa nyumbani na kupaka unga wake kwenye kidonda, jino au mvunjiko. Jiko la mkaa halina kipimo cha joto, na unga huo haujakaguliwa. Aliyevunjika apelekwe hospitali. Nchini Tanzania, kifaa tiba chochote lazima kiidhinishwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Ombi letu
Wenye viwanda na wachuuzi, tengeni mifupa safi na takataka nyingine. Vyuo na watafiti, ifuateni mialoni na viwandani, kwani malighafi ya tiba inatupwa kila siku.